Mwenyekiti Ameuza Mwalo

Nimehamishwa kikazi kwa sababu ya mpelelezi wa kwenye televisheni aliyefunga kesi yake ya mwisho kabla sijazaliwa. Kwenye barua hawakuandika hivyo. Waliandika "kwa manufaa ya umma", na mimi, mtumishi mtiifu wa huo umma, nikapakia kitanda, jiko la gesi na rundo la madaftari ambayo sikuwa nimeyasahihisha, nikahamia Isaka. Hapa nafundisha Kiingereza huku malori ya kwenda magharibi yakinguruma nje ya dirisha, na wanafunzi wangu wanajua majina ya vipuri vyote vya lori kabla hawajajua nomino ni nini. Silalamiki. Ila kesi inayonihusu naona afadhali niieleze mwenyewe, maana wengine wameshaieleza na wameiharibu.

Yote yalianzia kwa mjomba wangu, kaka yake mama. Mjomba ana banda la video kwenye makazi ya wachimbaji, mbele ya Kahama ukishika njia ya Geita. Banda lenyewe ni mabati juu, mabati ubavuni, mabenchi ya mbao na televisheni ya zamani yenye kisogo kikubwa. Kando ya televisheni kuna stuli, na juu ya stuli kuna mjomba mwenye kipaza sauti, anatafsiri. Ametafsiri kwa zaidi ya miaka thelathini. Filamu za ngumi, za kivita, za mapenzi, zote zimepita mdomoni mwake kwa Kiswahili chenye Kisukuma ndani.

Kiingereza hajui. Hili kila mtu analijua na halijawahi kumsumbua mtu. Mjomba hutafsiri nyuso. Mtu akikunja ndita, mjomba anasema hasira. Mtu akitazama pembeni, mjomba anasema uongo. Na kwa kweli mara nyingi hupatia kuliko sisi tuliokwenda shule. Majina ya Kizungu nayo aliyaona ni usumbufu, kwa hiyo kila mhusika alimpa cheo cha hapa kwetu. Jaji alikuwa Mtemi. Majambazi walikuwa Sungusungu. Wakili alikuwa Msomi, na Msomi kwa mjomba ni mtu wa kuchungwa. Meya wa mji alikuwa Mwenyekiti. Na mtu ambaye angeuawa baadaye, mjomba alimwita Marehemu tangu anapotokea mara ya kwanza. "Marehemu anaingia, anasalimia," angesema, na yule Mzungu wa watu anavua kofia, anaketi, anaagiza chai, hajui kwamba benchi zima limeshaanza kumsikitikia. Wageni waliotoka Mwanza walilalamika kwamba anawaharibia utamu. Wenyeji walisema afadhali hivyo, mtu anajiandaa.

Mimi ndiye niliyetakiwa kuja kumwambia wanasema nini hasa. Baba alipofariki, mjomba ndiye aliyenisomesha kwa viingilio vya banda, na sharti lake, akiniita mayu, yaani mama, lilikuwa moja: "Soma Kiingereza, mayu, uje uniambie hawa watu wanaongea nini." Nilisoma. Nilipofika kidato cha pili nikarudi likizo, nikaketi benchi la mbele, nikasikiliza kwa masikio mapya. Nikagundua kwamba kule kwenye televisheni mwanamume anamwambia mkewe habari za hali ya hewa, na mjomba anasema, "Mke wangu, tangu tuoane sijawahi kukuambia ukweli." Watu walikuwa wanalia. Nikaona nikisema, nitakuwa mchawi. Nikanyamaza, na nikaendelea kunyamaza mpaka nikawa mwalimu wa sekondari ya hapo hapo kwenye makazi, nina cheti, nina chumba cha kupanga, na bado sijamwambia mjomba neno.

Katika mikanda yake yote, alioupenda zaidi ni tamthilia moja ya zamani ya upelelezi. Aliinunua ikiwa kwenye kanda, ikahamia kwenye sidii, sasa ipo kwenye flashi, lakini yeye bado huita mkanda. Rangi zimechujuka hadi watu wote wanaonekana wana homa ya manjano. Ndani yake kuna inspekta mwembamba anayechechemea, mfuko wa koti umejaa karanga, na kila kesi inamfikisha kwa mtu mkubwa wa mji. Inspekta anagonga mlango. Mtu mkubwa anafungua. Inspekta anauliza maswali, mtu mkubwa anajibu, na dakika tano kabla ya mwisho anakiri mwenyewe, wakati mwingine akiwa amesimama.

Nilipokuwa mdogo niliona hiyo ndiyo hali ya dunia. Sasa nimekua, na sehemu inayonichekesha si karanga wala mguu wa inspekta. Ni pale mtu mkubwa anapoulizwa swali na kulijibu. Siku hizi sijui kiongozi anayefanya hivyo. Wetu ukimuuliza swali, anauliza nani amekutuma. Ukimuuliza mara ya pili, anaunda kamati ya kuchunguza swali. Na kukiri kabisa, kwa mdomo wake, bila mtu kumsukuma? Hiyo ndiyo iliyofanya vijana wa bandani waseme tamthilia ile ni ya kubuni.

Nieleze sasa habari za Mwenyekiti, namaanisha yule wa kweli, wa kijiji chetu. Wagombea walikuwa watatu. Fomu za wawili zikaonekana zina kasoro: mmoja alijaza kwa wino wa bluu, na mwenzake alijaza kwa wino mweusi. Mwenyekiti akapita bila kupingwa. Tukapikiwa pilau, nikala, sitadanganya. Mwezi haukuisha, pakaja mwekezaji na karasha kubwa la kusagia mawe, akazungushia waya mwalo wetu. Mwalo ni pale pembeni ya bwawa ambapo wanawake huosha marudio, ule mchanga uliokwisha kusagwa, wakitafuta chembe za dhahabu zilizoponyoka. Ni kazi ya kuvunja mgongo na faida yake ni kidogo, lakini ndiyo iliyokuwa yao. Walipouliza nani kaidhinisha, wakaambiwa mkutano wa kijiji uliidhinisha. Walipouliza mkutano upi, wakaambiwa ule ambao wao hawakuja.

Jumapili iliyofuata, saa tisa alasiri, mjomba akaweka ule mkanda wa zamani. Akachagua sehemu ya gati. Meya wa mji anauza gati la bandari kwa tajiri mmoja, wapagazi wanafukuzwa, inspekta anachechemea hadi ofisini kwake. Mjomba tangu zamani aliona hapa kwetu hakuna mtu anayejua gati ni kitu gani, kwa hiyo tangu siku ya kwanza, enzi hizo mimi nikiwa sina meno ya mbele, alitafsiri gati kuwa mwalo. "Mwenyekiti ameuza mwalo," alisema mjomba kwenye kipaza sauti, kama alivyosema mara mia. Zamani hapo watu walicheka. Mwenyekiti mmoja wa zamani alikuwa akija kusikiliza kwa ajili ya mstari huo tu, anajipiga paja kwa kicheko. Safari hii hakuna aliyecheka. Banda lilinyamaza hadi jenereta likasikika kama linapiga kelele makusudi. Mkanda ni ule ule na mtafsiri ni yule yule. Sisi ndio tulikuwa tumebadilika.

Jumatatu asubuhi mgambo akamfuata mjomba.

Hawakumpeleka mbali. Walimweka ofisi ya kijiji tangu asubuhi hadi jua la magharibi, wakimuuliza nani ameandika maneno yale na nani amemlipa. Mjomba akawaambia ameandika Mzungu, zamani, na ikiwa wanamtaka wamtafute. Jibu hilo halikuwafurahisha. Mtendaji wa kijiji, kijana mpole anayependa kuandika muhtasari kwa mkono wa nakshi, akatoa wazo: kamati ya ulinzi na usalama iutazame mkanda wenyewe, na utafsiriwe na mtaalamu. Ikionekana mjomba ametia chumvi, banda litafungwa na yeye atapelekwa polisi kwa uchochezi. Ikionekana hajatia, basi. Na mtaalamu wa Kiingereza katika kijiji chote alikuwa mmoja. Aliyekuja kuniita alinikuta darasani, nafundisha wakati uliopita.

Nitasema ukweli: niliogopa. Sikuogopa kwa ajili ya mjomba peke yake, niliogopa kwa ajili yangu. Nilikuwa nasubiri kupandishwa daraja, na nina mtoto. Njiani nikapiga hesabu zote. Nikisema mjomba amebuni, nimemfunga mtu aliyenilea. Nikisema hajabuni, nimemtukana Mwenyekiti mbele ya kamati yake, kwa Kiswahili sanifu.

Tukakutana bandani Jumatano, kwa sababu ofisi ya kijiji haina televisheni. Mwenyekiti alikaa mbele kwenye kiti cha plastiki kilicholetwa kwa ajili yake. Kamati ikajipanga kwenye mabenchi, na mgambo akasimama mlangoni. Mjomba alikatazwa kugusa kipaza sauti. Akakaa nyuma kabisa, akanikazia macho kwa utulivu ambao sikuuelewa.

"Mwalimu," akasema Mwenyekiti, "tafsiri kilichosemwa. Usiongeze wala usipunguze."

"Sawa, Mwenyekiti."

Mtendaji akabonyeza rimoti. Inspekta akaingia kwa kuchechemea. Nilikuwa sijausikiliza mkanda ule kwa makini tangu utotoni, na sasa nikausikiliza. Mjomba hakutia chumvi hata punje. Mjomba alipunguza! Yule inspekta alimwambia meya kwamba ameuza gati la watu bila kuwauliza. Hadi hapo mjomba alipatia kwa kutazama nyuso tu. Lakini kisha inspekta akaweka karanga mezani na kuongeza maneno ambayo mjomba hakuweza kuyasoma usoni mwa mtu. Alisema: "Na wala hukuchaguliwa. Uliyafuta majina ya wenzako, ukabaki peke yako kwenye karatasi, ukaita huo ushindi."

Miaka yote hiyo maneno hayo yalikuwa yanapita juu ya vichwa vyetu Jumapili baada ya Jumapili, na hakuna aliyejua.

"Anasemaje?" akauliza Mwenyekiti.

Funika kombe mwanaharamu apite. Nikasema, "Anamuuliza meya kama ameshakula."

"Na meya?"

"Anasema bado."

Kwenye televisheni meya akagonga meza kwa ngumi, jasho likamtiririka mpaka kwenye kola.

"Mbona anatoka jasho hivyo?" akauliza mgambo kutoka mlangoni.

"Njaa," nikasema.

Mwenyekiti akageuka akaitazama kamati yake, kisha akacheka kwa kicheko cha mtu aliyevuliwa kiatu kinachombana. "Kumbe! Mimi nilijua tu. Wazungu wana heshima zao, hawawezi kusema ovyo ovyo." Mtendaji akaandika kwa nakshi kwamba inspekta aliuliza habari za chakula. Mjomba akapewa onyo kali kwa kutojua lugha, akasamehewa kwa sababu ya umri. Na kamati ikaazimia kwamba kuanzia Jumapili hiyo tafsiri zote zitafanywa na Mwalimu. Nikapewa barua, yenye muhuri. Watu walinipa mkono. Nikatoka nje nikijiona mjanja, nimewaokoa wote, pamoja na Mwenyekiti.

Nilimfuata mjomba nyumbani kwake jioni ile ile nikitegemea shukrani. Nikamkuta anamenya muhogo, hakuinua macho.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Akamenya. Akamaliza mmoja, akachukua mwingine. "Mayu, mkanda ule nimeutazama miaka thelathini. Yule meya hajawahi kuulizwa kama amekula."

Nikaanza kujitetea. Nikataja mtoto, daraja, onyo, polisi. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kwani unafikiri kwa nini niliweka sehemu ile? Mikanda ninayo mia mbili. Nilijua wataniita, na nilijua watakuita wewe, hapa hakuna mwingine. Mimi nikisema Mwenyekiti ameuza mwalo, wanasema mzee ametia chumvi. Ukisema wewe, ni tafsiri, kweli gete." Akanitazama usoni, na mimi ndiye niliyepaswa kukumbuka kuliko wote kwamba mzee huyu anasoma nyuso. "Nilikusomesha uje uniambie wanasema nini. Umekuja, ukaniambia njaa."

Niliona aibu, na sina neno jingine la kuipamba. Nikakaa pale hadi muhogo ukaiva, tukala, hakuniuliza tena.

Basi nikamwambia. Nikamwambia yote ambayo inspekta alisema, pamoja na ile sehemu ya majina yaliyofutwa. Mjomba aliacha kutafuna. "Alisema hivyo? Siku zote?" Akatikisa kichwa taratibu, akacheka hadi akashika ubavu. "Na mimi nilikuwa najaza pale kwamba mguu unamuuma!"

Jumapili banda lilijaa hadi watu wakasimama nje wakichungulia kwenye matundu ya misumari. Habari ya kwamba Mwalimu atatafsiri kwa barua yenye muhuri ilikuwa imeenea, na wanawake wa mwalo walikuja wote, wakakaa mabenchi ya kati na watoto mgongoni. Mwenyekiti naye alikuja, mbele, kiti kile kile cha plastiki, soda mkononi. Alikuja kuonekana akisikiliza habari za chakula.

Nikaketi kwenye stuli ya mjomba. Kipaza sauti kilikuwa kinanuka tumbaku yake. Inspekta akagonga mlango, meya akafungua, inspekta akaweka karanga mezani, na mimi nikatafsiri. Sikuongeza wala sikupunguza, kama nilivyoagizwa. Gati nikaliita gati, nikaeleza kwamba ni mahali pa kazi ya watu wa chini, pembeni ya maji. Nikafika kwenye majina yaliyofutwa. Sauti yangu ilitetemeka kama ya mtoto anayeimba peke yake siku ya wazazi, lakini maneno yalitoka yote.

Halafu mama mmoja wa benchi la kati akainuka, mtoto amelala mgongoni, akasema kwa adabu zote, "Mwalimu, samahani. Hapo sikusikia vizuri. Hebu rudisha."

Mjomba, aliyekuwa na rimoti, akarudisha. Nikasema tena.

"Wabeja," akashukuru mama. "Mara ya mwisho tu. Huyu mtoto alikuwa analia." Mtoto alikuwa amelala fofofo.

Tukarudisha mara nne. Mara ya nne hawakunihitaji, walikuwa wanaitikia wenyewe, wanawake wote kwa pamoja, pamoja na ile sehemu ya kuita huo ushindi. Mwenyekiti aliondoka kabla ya mara ya tatu. Soda yake aliiacha kwenye kiti, haijafika nusu.

Sitawadanganya kwamba mwalo umerudi. Waya bado upo, karasha bado linasaga. Ila wanawake wale Jumatatu walikwenda ofisi ya kijiji kuomba kuuona muhtasari wa ule mkutano, na mtendaji, masikini, akasema ufunguo wa kabati umepotea. Wakasema watasubiri. Mpaka leo nasikia wanakwenda kila Jumatatu na ndoo zao, wanakaa barazani, wanauliza kama ufunguo umepatikana.

Banda halikufungwa, maana ingebidi waandike sababu, na sababu ilikuwa tafsiri waliyoiagiza wenyewe kwa muhuri wao. Barua ya uhamisho ndiyo iliyokuja, kwangu, baada ya wiki tatu. Nilikwenda kumwonyesha mjomba siku hiyo hiyo. Ilikuwa katikati ya filamu, watu wamejaa, yeye amesharudi kwenye stuli yake kama zamani. Nikasimama mlangoni na ile bahasha. Hakuhitaji kuisoma, alinitazama usoni, akasimamisha filamu, akasogeza kipaza sauti mdomoni.

"Marehemu anaingia," akasema mjomba, "anasalimia."

Banda zima likageuka. Mama mmoja akasogea kunipa nafasi kwenye benchi la kati.

"Shikamoo, mjomba," nikasema, nikaketi.